Bibi Mwenye Nyumba na Mwiko Wake wa Salfa

Kuna ukoo hauli kambale, kuna ukoo hauli sungura, na kuna watu kwao hata kuku ni haramu mpaka awe jogoo. Hayo yote nimeyasikia. Lakini mwiko wa vidonge vya salfa nimeukuta kwa mtu mmoja tu tangu nizaliwe, naye ni mwanamke aliyenipangisha chumba Temeke, wakati wa Mwingereza, mie nikiwa bado kijana na nywele zangu zote kichwani.

Jina lake tulikuwa hatulitaji. Mtaa mzima ulimwita Bibi Mwenye Nyumba, hata wenye nyumba wenzake, ambao nyumba zao zilikuwa na bati wakati yake ilikuwa ya makuti na inavuja juu ya kitanda changu. Nilipomweleza habari ya kuvuja alinijibu, "Sogeza kitanda." Nikasogeza. Ikaanza kuvuja pale nilipokisogeza. Nikarudi kwake. Akasema, "Basi mvua inakupenda wewe, mie nifanyeje?"

Niseme mapema ili usije ukanitafuta mbele ya safari: huyu mama aliogopa kitu kimoja tu. Mwizi hakumwogopa. Askari wa manispaa aliyekuja kukagua choo, Bibi ndiye aliyemkagua kwanza, akamwambia akafunge vifungo vya shati. Alichokiogopa ni kile kidonge cheupe cha salfa walichokuwa wakitoa zahanati kwa kichomi, kwa kuhara damu, na kwa yale magonjwa ya aibu ambayo vijana tuliyaita mafua. Salfa ilikuwa imeshamchuna ngozi mara moja, na alijua ikiingia tena mwilini mwake itamaliza kazi iliyoiacha. Taabu yake ilikuwa kwamba alisema hivyo kila siku na hakuna hata mmoja wetu aliyemwamini.

Mie kwa mambo ya udaktari usinitegemee. Shule niliiacha darasa la tatu, pale mwalimu alipoingia kwenye hesabu za kugawanya. Mpaka leo nikigawa mkate nagawa kwa macho, na kile kipande kikubwa hunijia chenyewe. Nilikuwaga fundi baiskeli, kijiwe changu kiko mbele ya duka la Mwarabu wetu, na watu walisema baiskeli nikiitengeneza inakwenda vizuri sana mpaka kona ya kwanza.

Siku niliyokwenda kuomba chumba nilimkuta barazani, kanga kaivuta mpaka kwenye nyusi kama mtu anayejificha kwa ajili ya deni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Kabila gani wewe?"

"Mnyamwezi."

Akacheka mpaka akakohoa. "Loo! Mtani wangu! Na mzigo umeutua wapi?"

"Nimeutua hapo kona, Bibi. Nimesikia Wazaramo wamelala tangu asubuhi, nikasema niingie polepole nisije nikawaamsha."

Chumba nikapewa palepale. Maana Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, Wanyamwezi walipokuwa wakibeba mizigo mpaka pwani, na mtani unamtukana unavyotaka naye anakutukana atakavyo, unamnyang'anya hata kofia, na hakuna kukasirika. Siku ya msiba mtani ndiye anayelala kwenye jeneza akidai ni kitanda chake, na wafiwa wanacheka huku wanalia. Kwa hiyo tangu siku ile mie na Bibi hatukuwahi kusalimiana vizuri zaidi ya ile shikamoo. Ikishapokelewa, vita inaanza.

Sasa ajabu ya yule mama ni hii. Yeye aliyekiogopa kidonge, ndiye aliyekuwa daktari wa nyumba nzima. Chini ya kitanda chake kulikuwa na kopo la biskuti, na kopo lile ndilo zahanati yetu. Mpangaji akitoka hospitali na dawa, akipona kabla hazijaisha, zinazobaki anampelekea Bibi, zinaingia koponi. Kwinini, aspirini, dawa ya minyoo, dawa ya macho, mafuta ya kuchua. Salfa tu ndiyo haikuingia. Ukimletea salfa anaichukua kwa ncha ya kanga, anakwenda nayo chooni, anaitumbukiza, halafu ananawa mikono mpaka viwiko kama aliyeshika mzoga.

Ukiugua, hukuulizwa. "Mgonjwa hana kauli kwenye nyumba yangu," ndivyo alivyosemaga. Anakuja na kidonge na kikombe cha maji, anasimama mbele yako. Ukimeza hakuamini. "Fungua mdomo nione. Nyanyua ulimi. Huku. Na huku." Karani mmoja Mkristo kutoka Bukoba, mtu wa tai na viatu vinavyong'aa, alikuwa amepanga chumba cha mbele, na hata yeye alisimamishwa ukumbini amefungua mdomo kama kifaranga.

Na kwa wale wabishi, nami nikiwa kiongozi wao, alikuwa na njia yake. Kwinini mie ilinishinda kabisa. Nikiisikia harufu tu mguu unaanza kutafuta mlango. Siku moja nimelala na homa, Bibi akaniletea ndizi mbivu, tamu, imemenywa tayari. Nikasema moyoni, kumbe huyu mama ananipenda. Nikauma. Katikati ya ndizi kwinini ilikuwa imekaa inanisubiri. Nilipotaka kutema alikuwa ameshanishika pua na kidevu.

"Meza, mtani. Nikikuzika wewe nani atafagia uwani?"

Kwa wengine alisaga kidonge kwa kinu kidogo cha hiliki, akachanganya kwenye uji na sukari nyingi. Tuliijua njia ile nyumba nzima. Tuliicheka, na tulijifunza, na hapo ndipo ubaya wote ulipotokea, kama utakavyoona.

Kwa nini hatukumwamini kuhusu salfa? Kwa sababu Bibi alikuwa na chumvi nyingi. Alisema ndizi za Bukoba zinaziba masikio. Alisema mumewe aliyeachana naye alikuwa akikoroma Temeke, Kigamboni wanafikiri pantoni inapiga honi. Alisema aliwahi kumwona Mzungu analia katikati ya barabara kwa sababu jua limekataa kumpisha. Basi mtu wa namna hiyo akikuambia kidonge kilimvua ngozi, wewe ungefanyaje? Sie tulisema "Pole, Bibi," tukakonyezana.

Alituelezaga barazani, hasa akija mpangaji mpya. Wakati wa vita alipata kichomi, akapewa salfa zahanati. Kichomi kikaanza kulegea. Halafu, siku chache mbele, akaamka macho mekundu na midomo inawaka moto. Homa ikarudi. Mwili ukatoka mabaka, mabaka yakawa malengelenge, malengelenge yakaungana. Ngozi ikaanza kutoka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Mdomoni hata mate yalikuwa hayamezeki. Shuka ikilaliwa inaondoka na ngozi, ikabidi ndugu zake wakate majani ya mgomba, wamlaze juu yake, maana majani hayashiki. Kucha zilidondoka zote. Zilipoota tena zikaota zimepinda.

"Watu wakasema jini," alisema. "Wengine wakasema mume wangu kaniroga. Bora jini, jini ungelifukiza likaondoka. Ilikuwa ni kidonge."

Yule karani wetu, kwa nia njema kabisa, akamjibu siku moja, "Lakini Bibi, dawa inatibu, haichuni ngozi. Labda ulimwagikiwa na maji ya moto, ukasahau."

Bibi akageuza shingo polepole. "Nikasahau?"

"Kwa ajili ya homa."

"Wewe karani, ukimwagiwa maji ya moto unasahau? Haya, Mama Zuhura, lete birika. Tummwagie, kesho tumuulize kama anakumbuka."

Tulicheka mpaka karani naye akacheka, akanyanyuka na tai yake akaingia chumbani. Kisa cha salfa kikaishia kwenye kicheko, kama siku zote.

Mie peke yangu ndiye niliyekuwa na sababu ya kusita kidogo, kwa ajili ya macho. Ule ugonjwa ulimwachia macho mabovu. Jua lilimchoma, ndiyo maana ya ile kanga mpaka kwenye nyusi, na watu wasiojua walidhani ana maringo. Na kope zake ziliota kwa ndani. Zilikuwa zinageuka na kukwaruza mboni, kila baada ya siku kadhaa macho yanajaa machozi kama ya msiba. Zilitakiwa kung'olewa moja moja kwa kibano. Kazi hiyo akanipa mie.

"Mkono wako umezoea spoki," alisema. "Jicho ni kubwa kuliko spoki."

Basi nilikuwa namkalisha uwani kwenye kigoda, kichwa kakilaza nyuma, mie nimeshika pumzi. Nikiwa na kibano kile mkononi utani ulipungua. Yeye alitulia kabisa, mdomo tu ndio uliendelea.

"Ukinitoboa nitakuhamishia kwenye banda la kuku."

"Kuku wenyewe wamehama, Bibi, kwa kuvuja."

"Usinichekeshe, mjinga wewe, nitatikisika."

Ukikaa karibu na jicho la mtu kiasi kile unaona mambo. Niliona ukingo wa ndani wa kope una makovu, ngozi imeshikana kwa kuungua, na ukweli ni kwamba maji ya moto hayafiki kule. Lakini mie nani? Darasa la tatu. Nikaendelea na kibano changu.

Sasa nikueleze habari za huyu Mama Zuhura aliyeagizwa birika. Alikuwa amepanga chumba kinachotazamana na cha Bibi, mjane, anauza maandazi, na moyo wake ulikuwa mlaini kuliko unga wake. Kuku akichinjwa yeye anaingia ndani. Alimpenda Bibi kama mama yake, akamchotea maji, akamfulia, na Bibi alimlipa kwa kumgombeza kutwa nzima, ndiyo namna yake ya kushukuru.

Mwaka ule mvua za masika zilizidi, na Bibi akashikwa tena na kichomi. Akakohoa, akashika ubavu, pumzi ikawa fupi kama ya mtu anayepanda ngazi. Tukamwambia twende hospitali. Akakataa.

"Nikienda watanipa nini kwa kichomi? Watanipa ileile."

"Utawaambia hutaki."

"Nyie mnaonijua hamniamini. Wataniamini wao?"

Alikuwa amesema kweli tupu. Siku ya pili akawa hawezi kukaa. Alfajiri Mama Zuhura akamsikia anahesabu majina ya wazazi wake waliokufa, akaona sasa huyu anaondoka. Akaenda kwa karani. Karani alikuwa na salfa alizobakiza, amezificha kwenye soksi kwa sababu alijua zikiingia mikononi mwa Bibi zitakwenda chooni. Akampa. Alimpa kwa huruma kabisa, na maelezo ya kumeza juu yake, huku machozi yakimlengalenga.

Mama Zuhura akazisaga kwenye kinu cha hiliki. Akapika uji wa mtama, akaweka sukari nyingi. Kama Bibi alivyotufanyia sie wote.

Mie nilikuwa kijiweni, baiskeli ya mtu iko miguu juu, nikamwona Mama Zuhura anakuja mbio bila viatu.

"Njoo! Bibi anavimba!"

Nilimkuta ameketi kitandani. Midomo imeshakuwa mikubwa, macho mekundu, shingoni na mikononi mabaka yanatokea huku unayaangalia. Bakuli la uji liko chini, limeliwa nusu. Alikuwa anaitazama midomo yake kwa vidole, polepole, kama mtu anayepapasa mlango wa nyumba aliyowahi kukaa zamani.

"Nani kapika?" akauliza.

Mama Zuhura akaanguka magotini.

"Kidonge kimoja au viwili?"

"Viwili, Bibi. Ulikuwa unakufa."

"Na sasa?" Akaingiza kidole kooni, akatapika kilichotapikika. Halafu akanigeukia. "Mtani. Baiskeli yako ina hewa?"

Ile ya mteja ndiyo iliyokuwa na hewa. Nikaigeuza, nikafunga mto kwenye keria, tukampandisha. Mie nikasukuma, Mama Zuhura akamshika mgongo kwa nyuma, analia kwa sauti njia nzima, watu wa Keko wanatoka milangoni wakidhani tunapeleka maiti. Barabara matope. Nikiteleza yeye anashika shingo yangu kwa zile kucha zilizopinda. Na kwa midomo ile iliyovimba, maneno yanatoka kama yamefungwa kitambaa, akasema:

"Hatimaye, Mnyamwezi. Umepata mzigo."

Nikazidi kusukuma. Nilikuwa nahema na nalia, vyote kwa pamoja, na pua yangu haina nafasi ya kazi mbili.

Hospitali kubwa ya mjini walimpokea. Kilichofuata hakikuwa kidogo. Mikono ilibabuka, kifua kikababuka, mdomo ukawa kidonda kimoja. Tuliokuwa tukikonyezana barazani tukaja kusimama mlangoni mwa wodi, tukiona kila alichotueleza kinatokea mbele yetu, kwa utaratibu uleule aliosimulia, kana kwamba tulikuwa tumeshaambiwa hadithi na sasa tunaonyeshwa picha. Karani alivua tai akaikunja mfukoni. Sikumwona ameivaa tena mwezi ule wote. Mama Zuhura yeye hakuuza maandazi. Kila asubuhi alikwenda mashambani kukata majani ya mgomba, akayafuta kwa kitambaa, akayabeba kichwani mpaka hospitali, na manesi, baada ya kubisha kidogo, wakamruhusu.

Bibi akapona. Jicho la kulia halikupona, likaingia ukungu likabaki hivyo.

Siku aliporudi nyumbani alimkuta Mama Zuhura amefunga mizigo yake, godoro limeviringishwa liko ukumbini.

"Unakwenda wapi?"

"Nahama, Bibi. Siwezi kukutazama."

"Mie ndiye nisiyeweza kutazama, nina jicho moja. Rudisha godoro. Njia ile umejifunza kwa nani?"

Mama Zuhura akainama kukaza kamba ya godoro.

"Nakuuliza, umejifunza kwa nani?"

"Kwako."

"Basi mbona mwalimu hajahama?"

Godoro likarudi. Kinu cha hiliki Bibi alimpa Mwarabu wa duka, na tangu siku ile hakumfichia mtu dawa ndani ya chakula. Ukikataa kumeza alikaa mbele yako tu, akakuangalia na lile jicho moja mpaka unameza mwenyewe kwa haya.

Jioni aliniita barazani. "Mtani," akasema, "nimesema kweli miaka yote hii, nikaambulia kuuawa kwa uji. Sasa nataka kusema uongo."

"Uongo gani?"

"Kaseme mtaani kwamba salfa ni mwiko wa ukoo wetu. Tangu babu."

Nikamkodolea macho. "Bibi, salfa imekuja juzijuzi na vita. Babu yako aliikwepa vipi?"

"Alikuwa na akili. Ndiyo maana hakuila hata siku moja."

Nikachukua debe, nikapita mtaa kwa mtaa nikilipiga kwa spana, natangaza kama tulivyozoea watani kutangaziana aibu: Wazaramo hawa wana mwiko mpya wa zamani, hawali salfa, mkiwapa watageuka kenge. Watu wakacheka, na hakuna aliyeuliza swali. Hakuna! Mtaa uleule uliokataa kuamini ngozi yake uliamini mwiko kabla sijamaliza kona. Mwarabu wa duka akaitikia kwa heshima, akasema hata kwao kuna watu hawagusi papa. Wanawake wakawaambia watoto wao. Na karani, msomi wetu, akaniambia akitikisa kichwa, "Ah, kama ni mwiko, angesema tangu mwanzo."

Likabaki jambo moja. Bibi hakula tena chakula cha mkono wa mtu mpaka aliyekileta aonje kwanza mbele yake. Mama Zuhura alionja kila siku, asubuhi na jioni, miaka nenda rudi, bila kununa. Mie nikaona nimpe akili.

"Bibi, huko kuonja hakuna maana. Mie nikila salfa sidhuriki."

"Najua."

"Sasa?"

"Natazama uso. Mtu akimeza kitu alichokificha, uso unasema. Wako ndio unapiga kelele kabisa."

Halafu nikaoa, tukahamia Vingunguti, na mke wangu hakupenda nikiitwa mjinga na mwanamke mwingine. Nikawa namtembelea Bibi kwa nadra, mwishowe kwa nadra zaidi. Kope alikuwa anang'olewa na Mama Zuhura, ambaye nilisikia alikuwa akifanya kazi hiyo amefumba jicho moja yeye mwenyewe.

Ulikuwa umebaki muda mfupi Mwingereza aondoke, Mama Zuhura alipokuja kwangu mchana wa jua kali. Bibi alikuwa amelazwa tena, kifua. Na lile jicho la pili lilikuwa limezimika.

"Hali chakula," akasema. "Uji wa hospitali hataki, wangu hataki. Naonja mbele yake, anasema hauoni uso wangu. Atakufa kwa njaa, shemeji, si kwa kifua. Anasema uitwe wewe."

Mke wangu, ambaye hakumpenda, ndiye aliyepika uji. Nikafunga sufuria kwa kitambaa, nikampakia Mama Zuhura kwenye keria, tukaenda.

Wodini nikamkuta dresa kijana, wale wa kufunga vidonda na kugawa dawa, amesimama na vidonge kiganjani. Nikamsalimia, nikamwambia huyu bibi ana mwiko wa salfa.

"Mzee, hapa hospitali. Miiko mnaiacha getini."

Mwenyewe ndiyo kwanza naitwa mzee, nikachanganyikiwa kidogo. Halafu nikamwambia ile kweli: alishapewa mara mbili, midomo ilivimba, ngozi ikababuka mwili mzima, jicho likaenda. Yule kijana akafunga kiganja haraka, uso umebadilika.

"Ungesema hivyo tangu mwanzo," akasema, akaondoka kwenda kumwona daktari.

Bibi alikuwa mdogo kitandani, kanga bado iko kwenye nyusi ingawa hakukuwa tena na jua la kumchoma.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mizigo umeitua wapi?"

"Nimeileta hapa. Ni uji."

"Nani kapika?"

"Mke wangu."

"Mwenye wivu?"

"Huyohuyo."

Mkono wake ukatoka chini ya shuka, ukatafuta hewani, nikainama nikaupokea kwa shavu. Nikaonja kijiko kimoja huku vidole vyake vimekaa usoni kwangu. Vilipita kwenye shavu, vikashuka kwenye koo, vikasubiri mpaka nimemeza. Nilijitahidi nisicheke. Kucha zile zilizopinda zinatekenya.

"Sukari kidogo," akasema. "Mkeo mchoyo."

"Nifungue mdomo uone?"

"Mdomo wako nimeshauona wa kutosha." Kisha akageuza uso upande wa miguuni, ambako Mama Zuhura alikuwa amesimama, pumzi yake ikisikika. "Na wewe huyo umesimama kama mlingoti. Chukua kijiko kwa huyu fundi baiskeli, atanitoboa."

Mama Zuhura akaja, akapokea kijiko. Akachota, na kama alivyozoea miaka yote ile, akakipeleka kwenye mdomo wake kwanza.

"Unafanya nini?" Bibi akauliza.

"Naonja, Bibi."

"Uonje nini? Uji unapoa."

Akafungua mdomo.